Ile 70000 ilikuwa ya nini?

"Kaka, hii 70000 ni ya nini?"

Aliyeuliza ni binti aliyekuja kwetu kwa mafunzo ya kazini. Tulikuwa tumempa kazi ambayo sisi wenyeji huikwepa: kuipitia faili ya mipangilio ya mfumo wetu mstari kwa mstari na kuandika kila mstari unafanya kazi gani. Mfumo wenyewe ni wa wauzaji wa jumla, yaani oda, stoo, ankara na malipo ya simu. Mstari alioutilia kidole ulikuwa huu:

"max_amount": 70000

Mmoja wetu akasema ni kikomo cha punguzo la bei. Mwingine akakataa, akasema ni kikomo cha deni kwa mteja mpya. Mkongwe wa seva, ambaye mara nyingi huwa haondoi macho kwenye kioo chake, akatoa neno moja.

"Usiiguse."

Binti akaliandika kwenye daftari kama lilivyo. Tukacheka, tukaendelea na kazi. Lakini neno lile lilinikaa. Watu wenye uzoefu wa miaka mingi walikuwa chumba kimoja, mfumo umo mikononi mwao kila siku, na maelezo yote waliyoweza kutoa kuhusu nambari inayohusu pesa za watu yalikuwa ni onyo.

## Mhasibu alijua

Historia ya Git, chombo kinachotunza kila toleo la msimbo, yaani maandishi ya programu, ilitupa mwaka, 2017, na ujumbe usio na msaada: "nimeongeza mipangilio". Aliyeuandika alishahama kazi zamani. Msimbo ulionyesha nambari inatumika wapi, yaani kwenye sehemu inayotuma ombi la malipo kwa simu ya mteja. Ankara ikizidi 70,000, mfumo unaikata vipande na kutuma ombi zaidi ya moja. Kwa nini ikatwe, msimbo haukusema.

Jibu lilitoka kwa mtu ambaye hajawahi kufungua faili ya msimbo maishani mwake. Mhasibu wetu alikuwa amekuja kuchukua karatasi kwenye printa, akasikia tunabishana.

"Hiyo si ile ya M-Pesa ya zamani?"

Ndiyo. Kila mtu chumbani alikumbuka kwa pamoja, kwa aibu kidogo. Kabla ya Machi 2020 ulikuwa huwezi kutuma zaidi ya shilingi 70,000 kwa mkupuo mmoja. Korona ilipoingia, Benki Kuu ya Kenya ikaruhusu kiwango kipandishwe hadi 150,000 ili watu wapunguze kushika noti. Agosti 2023 kikapanda tena hadi 250,000. Hakuna Mkenya mwenye laini ya simu asiyejua hayo. Tuliyajua kama wateja. Kama waandishi wa programu hatukuwahi kuyakumbuka.

Mhasibu akaongeza, bila kulalamika, kwamba ndiyo maana ankara ya laki moja na ishirini huingia mara mbili, sabini kisha hamsini, na kila mwisho wa mwezi huketi na kalamu kuziunganisha. Alidhani ndivyo malipo ya simu yalivyo. Wateja nao waliweka PIN mara mbili wakidhani ndivyo duka lilivyo.

Mgeni njoo, mwenyeji apone.

Nikawa narudia jambo moja kichwani kwa wiki kadhaa. Yule aliyeandika 70000 mwaka 2017 hakukosea hata kidogo. Alisoma kanuni, akaitii, na akafanya kile vitabu vinachofundisha: hakuificha nambari ndani ya msimbo, aliitoa nje na kuiweka kwenye faili ya mipangilio ili siku ikibadilika ibadilishwe kwa urahisi. Siku ikafika, kisha ikafika tena. Urahisi ulikuwepo. Aliyekosekana ni mtu wa kujua kwamba siku imefika.

## Tulifundishwa kuitoa

Sheria ya kwanza anayofundishwa kijana wa programu, baada ya kujifunza kuweka mabano, ni kwamba nambari haiandikwi moja kwa moja ndani ya msimbo. Itoe. Iweke kwenye mipangilio. Mimi mwenyewe nimewaambia wengi hivyo, tena kwa sauti ya mwalimu.

Nikarudi kusoma sheria hiyo ilitoka wapi, angalau kwa kizazi changu. Wengi wetu tuliipata kwenye ule mwongozo wa vipengele kumi na viwili ulioandikwa na Adam Wiggins mwaka 2011 kutokana na uzoefu wa Heroku, kampuni iliyokuwa ikiendesha programu za watu wengine kwa maelfu. Humo mipangilio ina maana nyembamba sana: ni kile kinachotofautiana kati ya mahali programu inapoendeshwa. Kwenye kompyuta ya mwandishi ni hivi, kwenye seva ya majaribio ni vile, kwenye seva ya kazi ni vingine. Mwongozo ule ukashauri vitu hivyo viwekwe kwenye vigeu vya mazingira, yaani thamani ambazo programu hupewa na mfumo wa uendeshaji inapowashwa.

Aliyeunganisha malipo ya M-Pesa anajua mfano wake bila kufikiri. Ukijaribu, unaita sandbox.safaricom.co.ke, unatumia nambari ya majaribio 174379 ambayo kila mwanafunzi wa programu Kenya anaikariri, na funguo zako za majaribio, yaani siri zinazoitambulisha programu yako. Ukienda hewani unaita api.safaricom.co.ke, kwa nambari ya biashara ya mteja na funguo zake halisi. Msimbo ni ule ule. Kilichobadilika ni mahali.

Sasa ipime 70000 kwa kipimo hicho. Kwenye kompyuta yangu ilikuwa 70000. Kwenye majaribio ilikuwa 70000. Kwenye seva ya kazi, 70000. Haikuwahi kutofautiana popote.

Kwa hiyo haikuwa mpangilio.

Nilipolifikia hilo nilisimama kidogo. Miaka yote tumeifanya faili ile kuwa uvungu wa kitanda: kitu chochote kisicho na mahali pake kinasukumwa huko, nyumba inaonekana safi, na hakuna anayeinama kutazama.

Mwongozo ule una kipimo kingine ninachokipenda zaidi, kwa sababu hakina upole. Jiulize kama msimbo wako wote unaweza kuwekwa wazi kwa dunia dakika hii bila siri hata moja kuvuja. Wengi hujibu ndiyo haraka mno. Oktoba 2022 Toyota ilitangaza kwamba sehemu ya msimbo wa huduma yake ya T-Connect ilikuwa imekaa wazi kwenye GitHub, tovuti ya kuhifadhi msimbo, tangu Desemba 2017, ikiwa na ufunguo wa seva yenye data za wateja. Waliohusika ni wateja 296,019, na ufunguo ulikaa pale karibu miaka mitano. Anayedhani kufuta faili kunatosha akumbuke kwamba Git haisahau, na toleo la jana bado limo. Dawa ni kuubadilisha ufunguo wenyewe. Hapa sina mengi ya kuongeza. Kwenye siri sheria iko wazi, na anayeivunja huwa anajua anaivunja.

Kinachonisumbua mimi ni vitu visivyo siri.

## Asilimia 16, 14, kisha 16 tena

Kwenye faili ile ile, mistari michache chini ya 70000, palikuwa na kiwango cha VAT, kodi ya ongezeko la thamani.

Hiki kila mtu alijua ni nini. Na kwa muda mrefu nilikitumia kama mfano mzuri wa mpangilio: serikali ikibadilisha, unabadilisha nambari moja, unalala. Kisha serikali ikabadilisha. Tarehe 1 Aprili 2020 VAT ya Kenya ikashuka kutoka asilimia 16 hadi 14, katika nafuu zile zile za korona. Tarehe 1 Januari 2021 ikarudi 16.

Fuatilia kilichotokea kwa mfumo wenye nambari moja. Usiku wa kuamkia Aprili, 16 inakuwa 14, na ankara za asubuhi ziko sawa. Wiki inayofuata mteja anarudisha mifuko aliyonunua Machi. Mfumo unatoa hati ya kurudisha fedha kwa asilimia 14, ilhali aliinunua kwa 16. Mwingine anaomba nakala ya ankara ya Februari, na nakala inatoka na jumla isiyolingana na ile aliyonayo mkononi. Hakuna hitilafu iliyoripotiwa popote. Kila mstari wa msimbo umefanya kama ulivyoagizwa.

Unaweza kusema mwandishi angeihifadhi asilimia ndani ya kila ankara. Kweli, na mifumo mizuri hufanya hivyo. Lakini hata hapo, ripoti ya robo mwaka inayovuka tarehe ya mabadiliko inahitaji kujua kiwango kilikuwa ngapi lini. Na hapo ndipo nambari moja inapokwama, kwa sababu swali la kodi linakuja na siku ndani yake. Halafu kuna mafuta: tangu Septemba 2018 petroli na dizeli zilitozwa VAT ya asilimia 8 huku bidhaa nyingine zikitozwa 16, hadi Julai 2023 mafuta nayo yalipopandishwa hadi 16. Kwa hiyo hata siku moja haina kiwango kimoja.

Ndugu zetu wa Tanzania walilipata somo hili kwa kasi zaidi. Julai 2021 tozo ya miamala ya simu ilianza, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi, na Septemba ya mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30. Aliyeiweka jedwali ile kwenye faili ya mipangilio na kuibadilisha palepale, leo hawezi kumwambia mteja alikatwa kiasi gani Agosti na kwa nini.

Msimamo wangu umekuwa huu, na ninajua wapo watakaoupinga: kitu chenye historia si mpangilio. Ni data. Kinastahili jedwali kwenye hifadhidata, chenye safu ya "kuanzia" na safu ya "hadi", na mtu wa biashara anayewajibika nacho. Mwandishi wa programu hana haki ya kukimiliki, na hana sababu ya kuamshwa usiku wa manane kukibadilisha.

Mkongwe wa seva alinipinga. Hoja yake ilikuwa nzito kuliko nilivyotaka iwe. Alisema kila kitu kikihamia hifadhidata, mabadiliko hayapitii tena macho ya mtu wa pili. Faili iko ndani ya Git: anayeibadilisha anaonekana, mwenzake anaisoma, ikiharibika tunarudi nyuma. Jedwali hubadilishwa na mtu mwenye nywila kupitia ukurasa wa msimamizi, saa yoyote, na asubuhi hakuna anayejua nani alifanya nini. Sikuwa na jibu zuri. Tuliongeza jedwali la pili linaloandika kila badiliko na mwenye kulifanya, na bado nahisi alikuwa na nusu ya ukweli.

## Sababu haina pa kukaa

Nilijiuliza pia kwa nini yule wa 2017 hakuandika karibu na nambari maneno matatu tu: "kikomo cha M-Pesa". Jibu likanichekesha. Faili ilikuwa ya JSON, muundo wa kuandikia data, na JSON hairuhusu maelezo ya pembeni kwa msomaji.

Haikuwa bahati mbaya. Douglas Crockford, aliyeiasisi JSON, alieleza mwaka 2012 kwamba aliyaondoa maelezo makusudi, kwa sababu aliona watu wakiyatumia kuweka maagizo kwa programu zinazosoma faili. Alikuwa anafikiria mashine mbili zinazotumiana data, na kwa kazi hiyo uamuzi wake ni wa busara. Sisi ndio tulioichukua lugha ya mashine kuzungumza na mashine, tukaifanya daftari la maamuzi ya binadamu.

Basi tukahamia YAML, muundo mwingine wa faili ambao unaruhusu maelezo. Binti ndiye aliyeifanya kazi hiyo, na akaondoa alama za kunukuu kila alipoona hazihitajiki kwa sababu zilimchafulia macho. Mimi ningefanya vilevile.

Majaribio yakaanza kutoa vituko. Ghala lenye nambari 0123 likapotea, na mahali pake likatokea ghala nambari 83 ambalo hatuna. Ghala 0128 lilikuwa salama. Ripoti ya asubuhi, ya 07:30, ilitoka kwa wakati. Ya jioni, ya 19:30, ikakataa kabisa, na kwenye kumbukumbu za seva mfumo ulikuwa unalalamika kuhusu nambari 1170.

Anayejua YAML toleo la 1.1 ameshatabasamu. Nambari inayoanza na sifuri, na ambayo tarakimu zake zote ni kati ya 0 na 7, huhesabiwa kwa msingi wa nane, kwa hiyo 0123 inakuwa 83. Ikiwa na 8 au 9 ndani, inaachwa kama maandishi. Na 19:30 husomwa kama hesabu ya msingi wa sitini: kumi na tisa mara sitini, ongeza thelathini, unapata 1170. Ile ya 07:30 iliponea sifuri yake ya mbele. Toleo la 1.2 la mwaka 2009 lilifuta mengi ya haya, lakini PyYAML, programu ya kusomea YAML ambayo watu wa lugha ya Python wengi huitumia bila kujua, bado inafuata la 1.1. Ndiyo hiyo hiyo inayoifanya nchi ya Norway, kwa kifupisho chake NO, isomwe kama "hapana".

Nilichopenda kwenye vituko hivi ni kwamba vilitupigia kelele mapema, kwenye majaribio. Tangu hapo programu yetu inakagua mipangilio yote inapowashwa, kabla haijamhudumia mtu yeyote: huu ni mstari wa maandishi, hii ni saa, hii ni nambari kati ya hii na ile. Kikikosekana kimoja, haiwaki. Watu wanaogopa programu inayokataa kuwaka. Mimi naiogopa zaidi inayowaka ikiwa na 83.

Kuhusu saa, niongeze dogo. Mteja mmoja wa Lamu aliomba ripoti "saa moja na nusu usiku", na kijana aliyekulia ng'ambo akaandika 01:30. Hakuna toleo la YAML litakalotuokoa na hilo.

## "Ni mpangilio tu"

Neno hili nimelisikia katika kila timu niliyofanya nayo kazi. Badiliko la msimbo linasomwa na wawili, linapimwa, linasubiri Jumatatu. Badiliko la mpangilio linafanywa na mmoja, Ijumaa jioni, kwa sababu ni mpangilio tu.

Tarehe 19 Julai 2024 CrowdStrike, kampuni ya usalama wa kompyuta, ilituma kwa kompyuta za wateja wake faili ambayo, kwa hesabu zao, haikuwa toleo jipya la programu. Ilikuwa maudhui ya usanidi. Matoleo ya programu yao yalipitia hatua, na mteja aliweza kuchagua kubaki toleo moja au mawili nyuma. Faili za maudhui zilikwenda kwa wote pamoja. Hii ilitaka sehemu 21 za taarifa, programu ikawa inazo 20, ikasoma nje ya mipaka ya kumbukumbu, na Windows ikaanguka. Ilitumwa saa 04:09 za UTC, huku kwetu saa moja na dakika tisa asubuhi, ikaondolewa dakika 78 baadaye. Microsoft ilikadiria kwamba kompyuta milioni 8.5 ziliathirika.

Lakini kisa ninachokirudia zaidi ni cha zamani, cha Knight Capital ya Marekani, kwa sababu kinafanana na 70000 yetu kuliko ninavyopenda.

Kampuni hiyo ilinunua na kuuza hisa kwa kompyuta. Msimboni mwake mlikuwa na kipande kilichoitwa Power Peg, ambacho waliacha kukitumia mwaka 2003 bila kukifuta. Mwaka 2005 walihamisha sehemu iliyokuwa ikihesabu oda zilizokwisha kutimizwa, na hawakukijaribu tena kile kipande baada ya hapo. Nani hujaribu kitu kisichotumika? Mwaka 2012 walitengeneza huduma mpya, na kuiwasha wakatumia swichi ile ile iliyokuwa ikiwasha Power Peg. Msimbo mpya ukapelekwa kwenye seva saba kati ya nane. Ya nane ilisahaulika.

Asubuhi ya 1 Agosti 2012 soko likafunguliwa. Seva saba zikaielewa swichi kwa maana mpya. Ya nane ikaielewa kwa maana ya 2003, ikaanza kununua na kuuza bila kujua oda imeshatimia. Walipotafuta tatizo wakauondoa msimbo mpya kwenye zile saba nzima, wakabakiwa na nane zenye ugonjwa. Katika takriban dakika 45 ilipotea zaidi ya dola milioni 460. Kampuni haikuendelea kuwa huru baada ya hapo. Ilimezwa na nyingine.

Katika ripoti ya tume ya Marekani inayosimamia masoko ya hisa kuna jambo ambalo husimuliwa mara chache kuliko zile dola. Kabla ya soko kufunguliwa siku hiyo, mifumo yao ilituma barua pepe 97 kwa kundi la wafanyakazi, zikiitaja hitilafu ya Power Peg kwa jina. Hazikuwa zimetengenezwa kama kengele za hatari, na watu kwa kawaida hawakuzisoma zilipofika.

Swichi ilikuwa na maana mbili. Ya kwanza ilikufa vichwani mwa watu, ikabaki hai kwenye mashine moja.

## Vitufe visivyobonyezwa

Mwaka 2015 Tianyin Xu na wenzake wa Chuo Kikuu cha California, San Diego, walichunguza programu kubwa zikiwemo Apache, MySQL na Hadoop, wakatazama watumiaji halisi hubadilisha mipangilio ipi. Sehemu ndogo sana ndiyo hubadilishwa na watumiaji wengi. Katika baadhi ya programu, zaidi ya nusu ya mipangilio karibu hakuna anayeigusa.

Nilipoisoma nilifikiria jinsi mingi ya kwetu ilivyozaliwa. Watu wawili wanabishana kama mfumo usubiri jibu kwa sekunde kumi au thelathini. Hawakubaliani. Mmoja anasema, basi tuiweke kwenye mipangilio. Mkutano unaisha kwa amani, na hakuna kilichoamuliwa. Uamuzi umesukumwa kwa mtu wa baadaye ambaye hatakuwa na taarifa walizokuwa nazo wale wawili.

Tulifuta mingi. Iliyokuwa haitofautiani popote na haina historia tuliirudisha ndani ya msimbo, pale pale inapotumika, ikiwa na jina linaloeleweka na sentensi moja ya sababu. Ndiyo, ndani ya msimbo. Sauti yangu ya mwalimu ilibidi inyamaze.

Kikomo cha malipo kilituchukua muda. Binti alitaka kifutwe kabisa: tuma ombi zima, M-Pesa ikikataa tumwambie mteja na kumpa nafasi ya kugawa. Ni wazo safi, kanuni inabaki kwa mwenye kanuni. Tulilijaribu, lakini wenye maduka walisema mteja akiona "imekataliwa" mara moja anatoa noti au anaondoka. Kwa hiyo kikaenda kwenye jedwali kama kodi, kikiwa na tarehe zake: 70,000, halafu 150,000 tangu Machi 2020, halafu 250,000 tangu Agosti 2023, na safu inayotaja kanuni ilitoka wapi. Mhasibu ndiye mwenye mamlaka nacho.

## Tarehe ya kuulizwa tena

Sasa kila kilichobaki kwenye faili kina mwenyewe, sababu, na tarehe ya kuulizwa tena. Ni hiyo tarehe iliyotugombanisha.

Mimi nilitaka tarehe ikipita, majaribio yakatae, na toleo jipya lisiweze kupandishwa hadi mtu athibitishe kwamba sababu bado ipo. Mkongwe akauliza: je, tarehe hiyo ikiangukia siku ambayo malipo yamekwama na tunapandisha marekebisho ya dharura? Tutazuiwa na kalenda, kwa ajili ya mstari usiohusika. Kijana aliyebanwa hivyo ataongeza mwaka mmoja kwenye tarehe bila kusoma chochote, na tutakuwa tumemfundisha kudanganya.

Ni kweli kabisa. Nikasema basi liwe onyo, programu iendelee.

"Barua pepe ya tisini na nane," akajibu.

Maelezo nayo hayaniridhishi. Sentensi ya sababu inazeeka kama nambari inavyozeeka, tena vibaya zaidi, kwa sababu anayeisoma anaiamini. "Kikomo cha M-Pesa" ingeandikwa mwaka 2017, mwaka 2024 mtu angeisoma, angetikisa kichwa kwa kuridhika na kupita. Huenda binti asingeuliza.

Kwa sasa onyo linakwenda kwa mtu mmoja, kwa jina lake, na linamrudia kila Jumatatu hadi ajibu kwa maandishi kwa nini thamani ibaki. Jibu la "bado inafaa" halikubaliwi. Lazima ataje alikoangalia. Mwezi huu zamu ni ya mkongwe, na ameshaniandikia mara moja kuniuliza nani aliamua seva ya chelezo, inayotunza nakala za akiba, ifute nakala za zaidi ya siku 45. Mimi sijui. Mhasibu naye hajui.